Kiatu cha Dohani

Harufu ya masizi mabichi ilianza siku ileile kiatu kilipotolewa. Wilf, fundi mwashi, alikuwa akikarabati dohani ya kutolea moshi nyumbani kwa Muriel Tapsell, akakuta kiatu cha mtoto nyuma ya matofali, ngozi yake imekakamaa.

"Kirudishe, mama," alinong'ona. "Wazee wetu walikificha hapo makusudi. Likishuka jambo baya kwenye dohani linaingia humo kiatuni, halafu linashindwa kutoka."

Muriel akamcheka. Yeye ndiye mwenyekiti wa chama cha historia cha kijiji, na wageni wa kutazama majengo ya kale walikuwa njiani. Akakipeleka kiatu kanisani, akakiweka kwenye kabati la kioo. Wilf akaziba tundu shingo upande.

Kesho yake mumewe, Horace, alirudi kutoka bustanini, na buti zake zikagoma kuvulika.

"Acha utani, mzee."

"Nani anatania? Kuna kitu humu kinaninyonya vidole. Naogopa, Muriel."

Kufikia saa ya chai, buti zilikuwa zikimburuta kuelekea dohani, zikimbana kifua ukutani, naye akishika meza, akishika pazia, akishika mkono wa mkewe, na ile harufu ya masizi ikimtoka mdomoni kila alipojaribu kumwita mkewe kwa jina.

Muriel alikimbia kanisani, akarudi na kiatu, Wilf nyuma yake.

"Bomoa."

"Bila kibali? Nyumba ya miaka mia nne? Mama, jirani yako ulimshtaki kwa kubadili dirisha tu."

Muriel akampokonya nyundo. Hakuwahi kuogopa hivyo maishani. Alipiga matofali aliyoyasifu mbele ya wageni mwaka hadi mwaka, akalia huku akipiga, mpaka tundu likafunguka, akakisukuma kiatu ndani, na Wilf akaziba upesi kwa mikono mitupu.

Buti zikadondoka zenyewe. Horace akaketi, akafuta uso, akaomba chai. Wilf alimshukuru Mungu akaenda zake. Muriel alicheka kwa machozi, akashika birika, akaanza kummiminia mumewe.

Ndipo ukutani, nyuma ya chokaa mbichi, kucha zikakwaruza polepole.

"Muriel," ilinong'ona sauti ya Horace kutoka ndani ya dohani, "nani huyo unayemmiminia chai?"