Vidonge Nilivyovikuta Kwenye Foronya ya Binti Yangu

Pakiti ilidondoka kutoka ndani ya foronya, ikagonga ukingo wa beseni, ikatua miguuni kwangu.

Vidonge vya kuzuia mimba...

Vya binti yangu. Miaka kumi na tisa, hajaolewa, anaimba kwaya mstari wa mbele!

Ndugu zangu mnaosoma, msiniulize nilivijuaje. Kazi yangu ni kufua nguo za watu. Mfuaji hapeleki nguo majini kabla ya kupekua mifuko, na pakiti za namna ile, zenye vishale vya kuonyesha siku, nimeshazitoa kwenye mifuko ya wake za watu mara nyingi tu. Huwa namrudishia mwenyewe, nanyamaza.

Safari hii sikunyamaza.

Mimi ni mjane tangu binti yangu akiwa darasa la pili. Nimemlea kwa mikono hii iliyochubuliwa na sabuni, na kwa magoti. Kila alfajiri namtaja yeye mbele za Mungu kabla sijajitaja mimi. Halafu kitu kile nakikuta kwenye foronya ninayoifua kwa mikono yangu mwenyewe!

Nikamwita. Akatoka chumbani, akaona nilichoshika. Hakushtuka kama nilivyotarajia. Alichoka tu usoni, kama mtu aliyekuwa anaingoja siku hiyo.

"Ni nani?" nikamuuliza.

"Nani nini, mama?"

"Huyo mwanamume."

"Hakuna mwanamume. Ni dawa ya tumbo."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Nikamwambia nimeishia la saba, lakini ujinga sikuusomea. Nikataka kujua nani amempa.

Nikatishia kumsimamisha mbele ya mwalimu wa kwaya.

"Shangazi," akasema. "Shangazi ndiye alinipeleka hospitali, miezi minane sasa."

Shangazi yake ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Aliachika miaka kumi na moja iliyopita, hana mtoto, na sababu mtaa mzima unaijua. Ilisemwa alikuwa anatoa mimba. Tunasalimiana vizuri tu, lakini nguo zake hajanipa nifue tangu aachike. Anafua mwenyewe. Mimi nilidhani ni maringo.

Kumbe mtu aliyeharibu ndoa yake ndiye anamfundisha mwanangu kuharibika! Na mwanangu anamfuata kwa siri, miezi minane, huku anakula mezani kwangu na kuitikia "amina" pembeni yangu.

Nilivitumbukiza vile vidonge chooni, kimoja kimoja, yeye kasimama mlangoni.

"Mama, daktari alisema nisikatishe."

Nikamwambia daktari wake nimeshamjua, ni shangazi yake.

Kutoka hapo nikaenda moja kwa moja kwa wifi. Nilimkuta barazani anachambua maharage. Nilisema yote, na mengine sitayaandika hapa kwa sababu najiheshimu. Majirani waliokuwa wanapita walipunguza mwendo. Yeye aliendelea kutoa mawe kwenye ungo mpaka nilipomaliza pumzi.

"Wifi," akasema, "mrudishie mtoto dawa zake. Mimi utanitukana baadaye."

Nikamwambia asikanyage tena kizingiti changu.

Jioni hiyo nikasimama kwenye kikundi chetu cha sala, nikaomba waniombee, nimesalitiwa na watu wa damu. Sikutaja majina. Lakini nina binti mmoja na wifi mmoja, na akina mama wa kikundi wanajua kuhesabu.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, mwenye duka la vitambaa anakofanya kazi binti yangu akanipigia. "Njoo sasa hivi," akasema, akakata.

Nilimkuta nyuma ya kaunta, amejikunja juu ya majora ya vitambaa, jasho linamtiririka, sketi imelowa damu. Alikuwa ameng'ata pindo la kitambaa ili wateja wasimsikie.

"Ni ya mwezi tu, mama," akasema. "Itapita."

Jamani... hayo yalikuwa maneno yangu.

Tangu akiwa na miaka kumi na tatu, kila mwezi alipotapika na kukosa shule siku tatu, mimi ndiye nilimwambia hivyo. Ni ya mwezi tu, wanawake wote tunapitia, vumilia. Na kweli, kwa ile miezi minane sikumsikia akilia. Nilidhani amekua, amezoea.

Hospitali, daktari alikuwa dada mdogo tu, sauti ya chini. Alinichorea kwenye karatasi. Akaniambia ugonjwa unaitwa endometriosis. Kuna nyama inayofanana na ule utando wa ndani ya mfuko wa uzazi, kumbe kwa baadhi ya wanawake inaota nje ya mfuko. Kila mwezi nayo inavuja damu, lakini haina pa kutokea. Inavimbisha, inagandisha viungo vya ndani pamoja. Vile vidonge ni kweli huzuia mimba, ila kwa binti yangu kazi yake ilikuwa kutuliza ile nyama ilale.

"Nani alimkatishia dawa?" akauliza.

Nilitazama viatu vyangu.

Akauliza tena kama kuna mwingine mwenye shida hiyo kwenye ukoo, maana huweza kuwapata ndugu wa damu. Binti yangu ndiye aliyejibu kutoka kitandani.

"Shangazi. Yeye walichelewa kuujua, mirija ya uzazi ikaharibika. Alikuwa anatoka damu nyingi, watu wakasema anatoa mimba."



Ninachoandika sasa sijawahi kukisema popote. Wifi alipokuwa kwenye ndoa yake, nguo za nyumba ile nilikuwa nafua mimi. Shuka zake zilikuja zimejaa damu, mwezi baada ya mwezi. Siku moja mama mkwe wake alinikuta kambani naanika, akaniuliza naonaje. Nikamjibu kwa sauti ndogo, kama mtu mwema:

"Hii si ya mwezi. Huyu anatoa mimba."

Basi. Nikarudi kuloweka.

Wiki mbili baadaye wifi alirudishwa kwao na masanduku yake. Maneno niliyoyatoa kinywani mwangu yakazunguka mtaa, yakanirudia, nami nikayaamini kama habari mpya!

Wifi alifika hospitali mchana huohuo, na chupa ya maji ya moto ya kumkanda mtoto. Nikamvuta kwenye benchi la nje.

"Wifi, zile shuka..."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Mama mkwe aliniambia siku ananifukuza. 'Mfua shuka zako ndiye kasema.'"

Miaka kumi na moja alijua. Kila salamu, kila msiba tulioketi mkeka mmoja, alijua.

"Sasa mwanangu ulimsaidia kwa nini?"

"Mtoto hakufua shuka zangu."

Nikamuuliza kwa nini basi alimwambia anifiche. Akanitazama vizuri kabla ya kujibu.

"Kwa sababu wewe ukiona damu, unaona dhambi."

 

Binti yangu amerudishiwa dawa. Kalenda tumeitundika karibu na meza ya pasi, anaweka alama siku za maumivu ili daktari azione. Dawa ya maumivu anameza yanapoanza, hangoji mpaka aanguke. Hajapona, na daktari hakutudanganya kwamba atapona kabisa. Lakini anakwenda kazini, na anaimba.

Kwenye kikundi nilisimama tena. Mara hii nilitaja jina, langu.

Wenye mabinti, nawaomba. Maumivu yanayomlaza mtoto chini na kumtapisha kila mwezi msiyaite ya kawaida. Mpelekeni hospitali, na mkirudishwa, rudini tena. Na mkikuta vidonge, ulizeni, halafu msikilize jibu. Mimi niliuliza, jibu nikalicheka.

Jumamosi iliyopita wifi alisimama mlangoni kwangu na furushi la shuka. Mara ya kwanza tangu aachike. Akalitua kando ya beseni.

"Fua," akasema. "Na ukiona doa, uniulize mimi."