Mlinzi wa Folda ya Iracema

Haya yalimkuta Nivaldo, rafiki yangu wa hapa Curitiba, mtu aliyekuwa akiucheka hata mzimu wa bibi yake. Mkewe Iracema alipofariki, Nivaldo aliiwekea folda yenye sauti za marehemu mlinzi, yaani programu ndogo ya kuichunga: faili likiguswa, kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayoendesha kila kitu humo, kinaripoti kwenye skrini. Kinasema kilichotokea, hakisemi nani.

Usiku mmoja wa mvua umeme ulikatika. Kompyuta ikabaki kwenye betri, chumba giza totoro. Skrini ikaandika: faili limefunguliwa, limefutwa. Likafuata jingine.

Akampigia simu Eneida, mwenzake wa kazini aliyejua kuingia kwenye kompyuta yake kwa mtandao. "We Eneida, acha utani!"

"Utani gani? Chomoa waya wa mtandao, mwoga wee!"

"Nilishachomoa!"

Sauti zote za Iracema zikaisha kufutwa. Kisha: folda mpya imeundwa, NIVALDO. Skrini ikanyamaza.

"Si umeona? Imetulia," akasema Eneida aliposimuliwa.

"Haijatulia, dada. Nilisahau kumwagiza mlinzi aingie na kwenye folda mpya. Humo ndani haoni kitu."

Akaisogeza simu karibu na diski ya kompyuta. Eneida anaapa aliisikia diski ikiendelea kuandika gizani, krr, krr, krr, taratibu, kama mtu asiye na haraka.