Mteja wa Kujifanya

Walikutana kwa sababu ya suruali. Ilikuwa siku ya kujiandikisha katika chuo cha serikali, na foleni ya wanafunzi wapya ilitoka nje ya geti, ikavuka barabara, ikaja kuishia kwenye kibaraza cha fundi wa nguo. Kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa hasa, akainama kuokota kalamu. Suruali ikachanika nyuma, kraa, na foleni nzima ikasikia.

Fundi, mwanadada wa mtaa ule, hakucheka. Alimvuta ndani, akamsimamisha nyuma ya pazia, akanyoosha mkono.

"Lete."

"Nilete nini?"

"Suruali, kaka. Au unataka nishone na wewe ukiwa ndani?"

"Na nikiitwa jina huko nje?"

"Utaitikia kutoka hapo hapo. Sauti haivai suruali."

Kijana akacheka mpaka pazia likatikisika. Na fundi, ambaye si mtu wa kuchekeana na wateja, akajikuta anapitisha uzi mara ya pili ili kazi isiishe haraka.

Mambo yakaenda mbio. Kila mchana kijana alikuja kula dukani. Akamwita "fundi wa roho yangu", naye akaitwa "mwanachuo wangu". Alikuwa anasomea ustawi wa jamii: namna ya kukaa na waliofiwa, waliotelekezwa, watoto wanaogombewa na wazazi. Fundi alijivunia hilo mtaa mzima.

Kisha akaja Miwani.

Ndivyo fundi alivyombatiza binti aliyepangwa pamoja na mpenzi wake katika mazoezi ya kusikiliza. Muhula mzima walitakiwa kukaa wawili wawili, magoti yakitazamana, mmoja akijifanya mwenye shida, mwingine akimsikiliza. Binti alikuwa na miwani myembamba na sketi ya bluu iliyomkaa sawasawa. Tena sketi yenyewe ilikuwa imeshonwa vizuri, na fundi mwingine. Hapo roho ilimuuma kweli.

Jioni moja simu ya kijana iliita wakiwa wamekaa pamoja.

"Pole sana," alisema kwa sauti laini. "Hilo lazima lilikuumiza. Taratibu tu. Mimi nipo."

"Nani huyo anaambiwa nipo?" fundi akauliza simu ilipokatwa.

"Tunajiandaa na mtihani wa vitendo, mpenzi. Ni zoezi."

"Mbona husemi na mimi hivyo?"

Kijana akamtazama kwa utulivu. "Nasikia kwamba una hasira."

"Unanifanyia chuo mimi?"

"Ungependa kunieleza zaidi kuhusu hiyo hasira?"

Fundi akainuka, akachukua mkoba wake, akaenda zake. Kuanzia hapo alipigiwa simu, hakupokea. Kijana akija dukani anaambiwa fundi hayupo, na miguu ya fundi inaonekana chini ya pazia.

"Mwanangu," akasema shangazi yake, ambaye walikuwa wakishona pamoja, "mficha maradhi kifo humuumbua. Kamwambie unachoogopa."

"Siogopi kitu, shangazi. Namchunguza."

"Haya. Chunguza mpaka upofuke."

Likabandikwa tangazo getini: chuo kinaomba watu wa mtaani wajitolee kuwa wateja wa kujifanya kwenye mtihani. Fundi akavaa gauni lake la kijani lililombana kiuno, akapaka wanja, akavuka barabara. Alitaka amwone Miwani uso kwa uso, basi. Alipoona sketi ya bluu inaingia chumba cha mtihani, aliwahi kusimama kabla mwingine hajaitwa.

Mwalimu alimweleza kila kitu mlangoni, polepole, akamuuliza kama ameelewa na kama anakubali. Fundi akaitikia ndiyo, ndiyo. Macho yote yalikuwa kwenye pindo la ile sketi.

Alipangiwa aseme kuwa amefukuzwa na mwenye nyumba.

"Karibu dada," Miwani akasema. "Anza popote unapotaka."

"Kuna mwenye nyumba wangu..." Fundi akanyamaza. Miwani akasubiri, hakumharakisha. Maishani fundi hakuwahi kusubiriwa namna ile, na kitu kikamfunguka kifuani. "Si mwenye nyumba. Kuna mwanamume."

"Mwanamume."

"Alinipenda. Sasa anasoma, na kuna binti wanakaa magoti kwa magoti. Natamani nimchanie sketi yake."

Mkono wa Miwani ulishuka kidogo kwenye sketi, ukarudi. "Umemuuliza mwenyewe?"

"Nimemnunia."

"Ungemuuliza nini?"

Wanja ukaanza kutiririka. "Kama akimaliza chuo atanitaka bado. Mimi shule sikumaliza. Yeye atapata ofisi, na mimi nitabaki dukani na cherehani yangu. Wala sio magoti, dada. Naogopa kuachwa. Nampenda mpaka chakula hakipiti."

Miwani akamsogezea karatasi laini. Kisha akasita. "Dada, mlangoni ulielezwa kuhusu hiki kioo?"

Fundi akageuza shingo. Ukuta mzima wa kushoto ulikuwa kioo cheusi kinachoonyesha kutoka upande wa pili tu, na nyuma yake darasa zima limekaa, linasikiliza.

"Na yeye yumo?"

"Yumo," Miwani akajibu kwa upole.

Fundi alirudi dukani karibu anakimbia, akakaa kwenye cherehani bila kushona chochote. Haikupita saa, kijana akaingia. Shangazi akakumbuka ghafla kwamba ana uzi wa kununua.

Kijana akavuta kigoda, akaketi.

"Haya, nicheke," fundi akasema.

"Siruhusiwi. Yanayosemwa kule hayatoki nje. Kwa hiyo mimi sikusikia kitu. Kama una neno, niambie wewe."

Kumwambia mgeni ilikuwa rahisi. Huyu hapa, mwenyewe, na macho yake mekundu, ilikuwa kazi. Fundi akamgeukia.

"Ukimaliza, utaniacha?"

"Hapana."

"Wote husema hapana."

"Basi sikiliza. Siku ile nilikujibu kwa maneno ya darasani kwa sababu ya kwangu yalinikwama. Nilidhani umenichoka, mwanamume mzima ninayelishwa mchana na wewe. Nataka nikuoe. Sio nikimaliza. Sasa."

"Unasema wewe, au ni zoezi?"

"Ninatetemeka hivi, zoezi gani?"

Fundi akamshika mikono.

"Bado naogopa," akasema.

"Hata mimi."

"Basi tuoane hivyo hivyo."