Nimefuata Talaka Yangu Guangzhou

“Ahmada, miguu inaniuma. Kwani mji huu hauna treni?”

“Ipo. Lakini inapita chini ya ardhi, utaona nini huko? Mji huu raha yake kutembea kwa miguu, mke wangu.”

Najat alisimama kando ya barabara ya Huanshi Zhonglu, akavua kiatu kimoja na kuukanda unyayo. Asubuhi ile alikuwa ameshuka kwenye ndege kutoka Dar es Salaam. Jioni angepanda nyingine kwenda Seoul, alikopata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya ukunga. Katikati ya ndege hizo mbili alikuwa na mchana mmoja tu wa Guangzhou, na mchana huo aliupangia kazi moja: kumtazama mumewe usoni na kumwomba talaka.

Miaka minne hawajaonana. Ahmada aliondoka Unguja miezi michache baada ya harusi yao. Alisema anakwenda kuchukua mzigo wa nguo, Ramadhani itamkuta nyumbani. Ramadhani zikaja zikapita. Zilizokuja ni picha tu: Ahmada mbele ya maduka makubwa ya Zhanqian Road, akisema moja ni lake, Ahmada kaegemea marobota. Kila Najat alipomuuliza atarudi lini, jibu lilikuwa lile lile.

“Mwakani, inshallah.”

Watu wa mtaani wakasema kaoa Mchina. Najat akabisha. Baadaye akanyamaza. Mwishowe akaamini.

Lakini alipomwona Ahmada mtaa wa Xiaobei, amesimama nje ya duka la dawa, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono inakata, maneno yote yalimkauka mdomoni. Ahmada alicheka huku machozi yanamtoka.

“Umenenepa, Najat.”

“Wewe umekonda. Huyo anayekupikia hajui kupika?”

“Ninajipikia mwenyewe.”

Najat alijiambia, nitamwambia tukishakunywa chai. Wakanywa chai. Akajiambia, nitamwambia tukifika msikitini.

Wakafika Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara mweupe wa mviringo ambao inasemekana umesimama pale zaidi ya miaka elfu. Kila mmoja akaswali upande wake. Najat alikaa muda mrefu kwenye sijida, akiomba ulimi ufunguke. Alipotoka, Ahmada alikuwa anamngoja na viatu vyake mkononi, amevigeuza tayari ili avae bila kuinama.

“Nimekuombea dua,” Ahmada akasema.

“Umeniombea nini?”

“Uendelee kunivumilia.”

Najat akatazama pembeni.

Wakaendelea kutembea. Walipita vichochoro vyenye nguo zilizoanikwa juu ya vichwa vyao, wakapita kanisa kubwa la mawe lenye minara miwili, wakafuata mto mpaka kisiwa cha Shamian. Hapo ni kama umetoka China. Waingereza na Wafaransa wa zamani walijenga majumba yao wakayaacha: nguzo nene, roshani, madirisha marefu yenye mbao.

“Kama Shangani kwetu Unguja,” Najat akasema.

“Ila hapa pamefagiliwa.”

Wakacheka wote wawili. Kila kona palikuwa na bibi harusi wa Kichina mwenye gauni jeupe, anapigwa picha. Ahmada alimwomba mpigapicha mmoja awapige wao kwa simu ya Najat. Akazungumza naye Kichina harakaharaka, yule mtu akacheka.

“Umemwambia nini?”

“Nimemwambia sisi ni maharusi wa zamani.”

Akamshika kiuno, taratibu, kama anayeomba ruhusa. Najat akajikuta ameegemea bega lake. Kwa muda mfupi alisahau kilichomleta. Hapo ndipo Ahmada alipoikaza mikono ghafla.

“Twende.”

“Twende wapi? Hata picha sijaiona.”

“Najat, twende!”

Alimvuta mkono, wakakata nyuma ya jengo, wakapita uchochoro, mpaka kwenye ngazi za nyumba moja iliyofungwa. Najat akajinasua, anahema.

“Unamkimbia nani? Mkeo?”

“Mke gani?”

“Huyo Mchina wako! Umeniburura mji mzima kwa miguu, treni hutaki, chai tumekunywa uchochoroni. Unaogopa atuone! Basi sikiza, Ahmada. Sikuja kutembezwa. Nimefuata talaka yangu.”

Ahmada alikaa kwenye ngazi. Akafunika uso.

“Sina mke mwingine. Wallahi sina. Umewaona wale polisi wawili pale njiani?”

“Nimewaona. Kwani wana nini?”

“Wanakagua pasi za wageni. Na kwenye treni wanakagua. Viza yangu imekwisha, Najat. Zamani. Ninaishi hapa kwa kujificha.”

“Na duka?” Najat akauliza.

“Halijawahi kuwepo. Mzigo wangu wa kwanza uliingia maji njiani, nikapoteza kila kitu. Nikasema nitafute mwingine kwanza, nisirudi mikono mitupu. Viza ikaisha huku natafuta. Zile picha ninapiga mbele ya maduka ya watu. Ninabeba maboksi kwenye ghala la mizigo. Wenzangu wananiita laoban, yaani bosi. Wananitania.”

Najat alikaa pembeni yake. Kwa miaka alikuwa amemchukia mwanamke asiyekuwepo. Alimlia, alimlaani, usiku alijilinganisha naye. Sasa aliona kifua chake kimekuwa chepesi, akamshika mumewe mkono.

“Ungeniambia.”

“Ningekwambiaje? Mama ananisifu kwa kila mtu.”

“Sikiza. Ukijipeleka mwenyewe kwa polisi inakuwaje?”

“Faini. Wanakuweka ndani siku kadhaa, kisha wanakurudisha kwenu. Na huku huruhusiwi tena kwa miaka.”

“Basi twende.”

“Wapi?”

“Kwa polisi. Sasa hivi. Mie safari ninaahirisha. Nitawaandikia Seoul, wakikubali sawa, wasipokubali basi. Utafungwa, utatoka, utarudi nyumbani. Mshahara wangu unatutosha. Talaka siitaki tena, Ahmada. Nakutaka wewe.”

Ahmada alimtazama. Najat aliona kabisa kwamba alikuwa karibu kusema ndiyo. Kisha akautoa mkono wake.

“Nirudi na nini?”

“Na mwili wako.”

“Nishuke uwanja wa ndege na mfuko wa nailoni? Watu wote waje kunipokea, waone laoban amefukuzwa kama mwizi? Siwezi. Nipe mwaka mmoja. Kuna Mkongo mmoja ameniahidi tutaanza biashara pamoja. Mwakani, inshallah…”

“Usiseme.”

“Najat…”

“Usiliseme neno hilo!” Sauti yake ilipasuka. “Nilidhani nimeshindwa na mwanamke. Ningejua la kufanya. Kumbe nimeshindwa na watu watakaosimama uwanja wa ndege kukuangalia!”

“Ni aibu, Najat. Wewe mwanamke, huwezi kuelewa.”

“Mie? Nimepita miaka minne mtaani naitwa mke aliyeachwa na mumewe yupo hai. Aibu naijua. Nilikuwa nakwenda nayo kazini, narudi nayo, nalala nayo.”

Upande wa pili wa jengo maharusi walikuwa wanacheka.

“Ninakuuliza mara ya mwisho,” Najat akasema polepole. “Tunakwenda?”

Alingoja. Ahmada alitazama ngazi.

“Basi nipe haki yangu.”

“Unanipenda bado?”

“Ndiyo. Na ninaiomba hivyo hivyo.”

Ahmada aliisema kwa sauti ndogo sana. Talaka moja. Kisha akalia kwa kwikwi, paji la uso juu ya magoti, na Najat akamshika mgongo mpaka alipotulia.

Ahmada alimsindikiza mpaka daraja la kutokea kisiwani. Uwanja wa ndege hakuweza kwenda. Akasimamisha teksi, akamwelekeza dereva kwa Kichina, akamfungulia mlango.

“Mama usimwambie.”

“Siwezi kukuahidi.”

Teksi ikaondoka. Najat hakugeuka, maana alijua akigeuka atashuka.

Alikuwa amesimama kwenye foleni ya kupanda ndege simu ilipoita. Bi Mwanahija, mama yake Ahmada, ambaye Najat aliishi naye nyumba moja miaka yote hiyo.

“Umemwona mwanangu?”

“Nimemwona, mama. Mzima.”

“Anarudi lini? Niambie kweli, Najat. Mie si mtoto.”

Najat akamwambia. Ghala, viza, polisi, ngazi za Shamian. Hakuacha kitu.

“Mama?”

“Nipo. Nilijua hakuna duka. Mwenye duka angenitumia hata kanga moja.” Bi Mwanahija akavuta pumzi. “Na wewe? Amekuacha?”

“Nimemwomba, akanipa.”

“Kwa hiyo una eda.”

“Ndiyo, mama.”

“Eda utaikaa huko ugenini, mwanangu? Peke yako, kwenye baridi? Nani atakupikia uji?”

Hapo ndipo Najat alipolia. Hakulia kwenye ngazi, hakulia kwenye teksi. Alilia kwenye foleni, mbele ya wageni, na mama mmoja wa Kichina asiyemjua akampa karatasi za kufutia machozi.

“Nitajipikia, mama,” akasema. “Foleni inasogea. Nitakupigia nikifika.”

Akafuta uso, akatoa pasi yake, akaingia.