Sanduku la Mtaalamu

Kila alipotoka shule, Mdadisi alipitia kwenye chumba cha kushonea cha baba yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu ya maswali yake yasiyokwisha. Kazi yake ilikuwa kumtungia baba uzi kwenye sindano, maana kisukari kilikuwa kimeanza kumfifisha macho.

"Haya, leo mmejifunza nini?" baba aliuliza huku akikanyaga cherehani.

"Klabu yetu ya sayansi imetumia kompyuta ya kwantamu, baba, ile inayopiga hesabu kwa chembe ndogo mno zisizoonekana! Zamani mashine hizo zilitumiwa na watafiti wachache tu. Siku hizi hata shule kama yetu inatuma hesabu kwa intaneti na kusubiri zamu. Mashine yenyewe iko mbali, imefungiwa kwenye baridi kali kupita barafu. Ikipata joto kidogo tu, inavuruga hesabu. Mwalimu anasema bado inakosea, ila wataalamu wameanza kupata njia za kusahihisha makosa yake."

"Inatibu?"

"Hapana. Labda siku moja itawasaidia watafiti kutafuta dawa."

Shangazi, aliyekuwa akikata vitambaa pembeni, alidakia. "Nani kasema haitibu? Kuna mtaalamu amefungua chumba nyuma ya soko. Anayo hiyohiyo. Unaweka mkono tu, ugonjwa unafutwa."

Jumamosi walikwenda wote watatu. Wagonjwa walibanana kwenye mabenchi. Karibu na mlango mama muuza mkaa alikuwa akijipepea kwa kanga. Mezani palikuwa na sanduku kubwa lenye taa za buluu. Mdadisi alisimama kando yake, akahisi hewa ya moto ikimpuliza shingoni.

Baba aliweka mkono. Taa zikawaka na kuzima.

"Mzee, sukari imefutika," mtaalamu alitangaza. "Zile sindano za hospitali katupe."

"Lakini hilo sanduku linatoa joto, na ile ya kweli—"

Shangazi alimfinya mkono. "Watu wazima wanaongea! Usituaibishe."

Mdadisi aliwatazama watu waliomgeukia, akainamisha kichwa. Njiani kurudi alitembea nyuma yao.

Baba akaacha sindano zake. Haukupita muda mrefu, akawa anakunywa maji bila kukata kiu, na suruali zikaanza kumpwaya. Siku moja mkasi ulimponyoka ukamchana kidole cha mguu. Kidonda kikagoma kupona. Alikificha kwa soksi na kusema ni mchubuko tu, lakini harufu ilijaa chumba kizima. Wateja wakawa wanaachia nguo mlangoni.

Mdadisi hakuvumilia tena. Alikwenda kwa mwalimu wa klabu, akamweleza yote huku akilia. Mwalimu aliacha madaftari mezani, wakaongozana hadi kwenye cherehani.

"Ndugu yangu, umedanganywa," mwalimu alisema. "Hakuna kompyuta inayofuta sukari mwilini. Twende hospitali sasa hivi."

Baba hakuwa na nguvu hata ya kubisha.

Daktari alimkata mguu chini ya goti. Katika wodi ya wanawake, mama muuza mkaa naye alikuwa amelazwa, baada ya kuacha dawa zake. Yeye hakutoka mzima.

Mwalimu alimpeleka Mdadisi kwa afisa wa afya. Mdadisi alieleza kila alichokiona na kukisikia. Polisi walipolifungua lile sanduku, ndani walikuta feni, taa za mapambo na rundo la nyaya zisizofanya kazi yoyote. Mtaalamu alikamatwa akifunga virago.

Shangazi alipokuja wodini, alishindwa kumtazama kaka yake. "Mimi ndiye niliyemfinya mtoto," alisema, akaangua kilio.

"Na mimi ndiye niliyetupa sindano," baba alijibu. Shuka ilikuwa imelala bapa pale mguu ulipokuwa.

"Nisamehe, baba," Mdadisi alinong'ona. "Nilijua, nikaogopa kusema."

Baba alimshika mkono. "Mwanangu, kosa kubwa ni letu sisi wakubwa, tuliokataa kusikiliza. Lakini shika neno hili. Heshima haimaanishi kumtazama mtu akiangamia. Ukijua jambo linaloweza kuniua, niambie. Nikikukaripia, niambie tena. Nikiziba masikio, mwite mwalimu, mwite daktari, mwite yeyote atakayesikia."

Muuguzi alifika na sindano ya kushusha sukari. Baba alikunja mkono wa shati mwenyewe, akamnyooshea mkono.