Erektroni ya Prudencia

Walikutana kwenye duka la fotokopi mtaa wa Mabatini, foleni imefika barabarani, na mashine ikawachanganyia karatasi. Suhaib, kijana wa Igogo mwenye shati lililonyooka pasi, alijikuta ameshika maswali ya kemia ya Prudencia, binti wa Bukoba aliyevaa gauni la kitenge cha kijani. Kumbe wote wawili walikuwa walimu wa mazoezi katika shule moja. Mwezi haukuisha, simu zao za jioni zikawa za "umekula, mpenzi?" na ahadi za ndoa.

Kisha Suhaib akayavuruga mwenyewe. Siku hiyo Prudencia alikaa kiti cha nyuma darasani, kumtazama akifundisha. Suhaib aliandika ubaoni kwamba mawe ya chokaa yakichomwa hutoa kaboni dayoksaidi, akatangaza kwa mbwembwe kuwa huo ni mmenyuko wa redoksi, maana oksijeni imehama.

Prudencia akanyoosha mkono. "Mwalimu, tuangalie kwanza namba za oksidesheni. Mimi sioni erektroni iliyohama."

"E-rek-troni?" Suhaib akarudia, akiivuta ile r. Darasa zima likaangua kicheko. Prudencia akakusanya vitabu vyake, akatoka.

Jioni kijana akashika kalamu. Kalsiamu ilikuwa chanya mbili, imebaki chanya mbili. Kaboni chanya nne, pale pale. Oksijeni hasi mbili, pale pale. Hakuna namba iliyopanda wala kushuka, basi hakuna kilichopoteza elektroni wala kilichopokea, na bila hivyo hakuna redoksi. Aibu ikamwasha masikio. Kukosea hesabu si kitu. Kumcheka mtu kwa ulimi aliopewa na mama yake ni ushenzi. Akampigia. Simu haikupokelewa. Akamtumia ujumbe kumwomba aje darasani kesho.

Prudencia alikuja, akasimama mlangoni. Suhaib akasahihisha ubaoni namba moja moja, jasho likimtoka.

"Mwalimu Prudencia alikuwa sahihi," akawaambia wanafunzi. "Mimi nilikosa jibu, nikamcheka matamshi. Msiniige."

Nje, kwenye ukuta wa shule unaotazama ziwa, Prudencia hakumpa mkono. "Ulimcheka mama yangu. Ndivyo anavyoongea."

"Naona aibu hata kukutazama, Pruda. Lakini bado nataka kukuoa."

Prudencia akampigia mama yake Bukoba, kisha akampa Suhaib simu. "Mwambie mwenyewe."

"Shikamoo, mama. Naitwa Suhaib."

"Marahaba, baba. Prudencia ameniambia wewe ni mwarimu mzuri sana."

Suhaib akainamisha kichwa. "Najifunza, mama."