Upande wa Chini wa Ubao

Injini ilikohoa, ikatema moshi, ikazima katikati ya mkondo, kisiwa cha Molokai nyuma, cha Lanai mbele. Nahoa akavuta kamba ya kuwashia mpaka kiganja kikachubuka. Wapi! Upepo ukaigeuza boti ubavu, wimbi likaingia, na lililofuata likaipindua kama sahani.

Alipoibuka akamwona binamu yake Kapono amekumbatia ubao.

Ule ubao!

"Panda, braza!" Kapono alipiga kelele. "Mguu wangu umechanwa na pangaboi tulipopinduka!"

Nahoa akapanda, amenuna. Mjomba wao, Lopaka, alichonga mbao za kutelezea mawimbi na hakuwahi kuuza hata mmoja. Aligawa tu: kwa wapwa, kwa jirani, kwa rafiki aliyemsaidia kuezeka paa. Miaka mitatu Nahoa alimsugulia mbao hizo kwa jiwe la matumbawe, vidole vikatoka damu, na kila akiuliza anajibiwa, "Wako utakuja." Halafu huyu Kapono anarudi juzi kutoka Las Vegas, kitambi mbele, anapewa ubao wa mti wa wiliwili, mrefu, mwepesi, mzuri kuliko yote.

Tena Nahoa ndiye aliyeambiwa aumalizie kwa mafuta ya kokwa za kukui. Juu akapaka na kurudia, ukang'aa kama kioo. Chini hakupaka kitu. Wiliwili bila mafuta hunywa maji kama sponji. Acha unywe, alijiambia. Acha umzamie mbele ya ukoo mzima, tucheke.

Sasa ulikuwa unakunywa, na yeye yuko juu yake.

Akachana fulana, akafunga mguu wa Kapono kwa nguvu.

"Taratibu! Unafunga mguu au nguruwe wa sherehe?"

"Nyamaza. Piga maji kushoto. Upepo ukitupitisha ncha ya Lanai, tumekwisha. Huko mbele ni maji tu mpaka Ufilipino."

Wakapiga maji kwa mikono. Jua likawachoma migongo, chumvi ikawakata midomo. Maji ya kunywa hayakuwepo. Kilichosalia ni mfuko wa poi, ule ugali laini wa magimbi, Kapono ameufunga kiunoni. Walikuwa wanaupeleka kwenye sherehe ya mtoto wa dada yake kutimiza mwaka. Wakachovya vidole, wakalamba.

"Dada akijua tumekula poi ya mtoto, bora papa watuwahi," Kapono alisema.

Nahoa hakucheka. Alikuwa anaangalia maji. Mwanzo yaligusa kingo za ubao. Sasa yalikuwa yanapita juu, yanamfika mbavuni.

"Mbona unazama huu?" Kapono akauliza.

"Wewe mzito."

Wimbi likawapiga kwa nyuma. Kapono akateleza, akaenda chini. Palepale ubao ukainuka chini ya kifua cha Nahoa. Ulimbeba vizuri. Vizuri mno. Lanai ilikuwa pale, mchanga wake unaonekana. Peke yake angefika. Na ubao ungekuwa wake, nani angebisha?

Kichwa cha Kapono kikatokeza, macho yamemtoka. Hakuomba. Alimwangalia tu, kama mtu aliyekwisha kujua.

"Mshenzi wewe!" Nahoa alipiga kelele, asijue anamtukana nani. Akamdaka kola, akamlaza juu ya ubao, yeye akashuka. Akashika mkia, akaanza kupiga miguu.

Alipiga mpaka mapaja yakakaza kama kamba. Mkono mmoja ulikuwa chini ya ubao, na vidole vilihisi mti mtupu usio na mafuta, umelainika kama mkate uliolowa. Kapono naye alikuwa ameshika chini, upande wa mbele.

"Huku chini hukupaka," Kapono alisema.

"Sikupaka."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu umepewa wewe!"

Kapono akageukia mbele, akasema, "Piga miguu, mpumbavu. Mwamba huo mbele."

Mawimbi yalikuwa yanapasukia mwambani. Wakasubiri kubwa lao. Lilipokuja, Nahoa akajirusha juu ya mgongo wa Kapono, na ubao, mzito hivyohivyo, ukashika wimbi, ukakimbia. Ukapita juu ya mwamba, ukakwaruza, ukapasuka pua, ukawatema mchangani.

Mvuvi mwenye pikapu aliwakuta wamelala kifudifudi, akawapeleka kwenye sherehe kama walivyo.

Mjomba Lopaka hakulia kama wengine. Aliugeuza ubao, akabonyeza kidole gumba upande wa chini. Maji yakatoka.

"Chumvi imekula mafuta yote, Mjomba," Kapono akawahi, mguu wake bado unafungwa. "Tulikaa sana majini."

Nahoa akamtazama. Wivu ukampanda upya, mkali kuliko ule wa mwanzo. Ubao kapewa yeye, na hata wema anataka auchukue yeye?

"Muongo huyo," akasema, watu wote wanasikia. "Mimi sikupaka."

Mjomba alimkazia macho mpaka ngoma zikanyamaza. Hakumpa ubao siku hiyo, wala mwaka ule. Alimpa chupa ya mafuta ya kukui.

Nahoa akausubiri ubao ukauke, akauziba ule ufa wa mbele, akachukua kitambaa. Kapono alikaa pembeni na mguu wake wenye bandeji, anakosoa kila kitu. Nahoa bado alimwonea wivu, sana tu.

Lakini safari hii alianza na upande wa chini.